Meneja mpya anawaona watu wanne kati ya 11: tatizo haliko kwenye jukumu

Swali: "Ninashughulikia mfumo wa rasilimali watu kazini kwetu, ule unaobeba likizo, zamu na tathmini. Mkuu wa kitengo kimoja aliacha kazi, nafasi yake akapewa mwenzetu wa kitengo hicho hicho. Nimempa jukumu la Meneja, lile lile walilo nalo mameneja wengine. Anaingia bila shida na menyu ya Timu Yangu anaiona, lakini kati ya watu 11 walio chini yake anawaona wanne tu. Maombi ya likizo yaliyotumwa kabla hajashika nafasi yamekwama. Na katika hao wanne, yupo mmoja ambaye ombi lake linaonekana lakini kitufe cha kuidhinisha hakipo. Nimemwondolea jukumu na kumrudishia tena na tena, wapi! Bosi anataka nimpe haki za msimamizi mkuu ili kazi iende. Nifanye hivyo? Na kosa liko wapi?"

Jibu:

Usimpe, ndugu yangu. Sababu nitazieleza nikifika kwa bosi wako. Kwanza tulitafute kosa, maana maelezo yako yameshalibana pembeni kuliko unavyodhani.

Unasema menyu ya Timu Yangu anaiona. Basi jukumu limefika. Asingekuwa nalo, menyu hiyo isingejitokeza kabisa. Kwa hiyo achana na kulitoa na kulirudisha. Halitabadilisha kitu, na kila mara unapofanya hivyo unajaza kumbukumbu za matukio mistari ambayo kesho utashindwa kuitofautisha na ile unayoitafuta.

Umeneja ndani ya programu hubebwa na mambo mawili yasiyotegemeana. La kwanza ni jukumu, nalo hueleza mtu anaweza kufanya nini: kuona maombi, kuidhinisha, kukataa, kupanga zamu. La pili ni wigo, yaani anaweza kuyafanya hayo kwa nani. Ule utaratibu wa kugawa ruhusa kwa majukumu, ambao David Ferraiolo na Richard Kuhn waliuwasilisha mwaka 1992 na ambao ulifanywa kiwango rasmi Marekani mwaka 2004, umelijibu vizuri swali la "nini". Swali la "kwa nani" programu nyingi za kazini hulijibu kwingine kabisa: kwenye rekodi ya kila mfanyakazi, katika ile sehemu inayosema anaripoti kwa nani. Jukumu la Meneja ni sawa kwa mameneja wenu wote. Kinachotofautisha timu ya huyu na ya yule ni sehemu hiyo ndogo tu, ambayo mara nyingi hata haiko kwenye ukurasa wa ruhusa.

Ndiyo maana sikushauri umlinganishe meneja huyu na meneja mwingine, ingawa ndicho kitu cha kwanza ambacho karibu kila mtu hufanya. Utakuta wako sawasawa, kisha utabaki unajikuna kichwa. Linganisha wafanyakazi. Mchukue mmoja anayeonekana na mmoja asiyeonekana, fungua rekodi zao sambamba kwenye skrini, ushuke nazo mstari kwa mstari: anaripoti kwa nani, kitengo, aina ya mkataba, hali ya ajira, tarehe ya kuanza kutumika. Tofauti utaiona kwa macho.

Nikibashiri kwa ulichoniandikia, wale saba bado wanasomeka kuwa chini ya mkuu aliyeondoka. Na wale wanne? Muulize meneja wako kama kabla ya kupanda cheo alikuwa kiongozi wa kikundi kidogo ndani ya kitengo hicho. Akisema ndiyo, na hao wanne ndio waliokuwa kikundi chake, basi umepata jibu kamili: anachokiona leo ni timu yake ya zamani, na uteuzi mpya haujagusa rekodi hata moja. Ukiwa hapo, fungua na rekodi yake mwenyewe. Aghalabu meneja aliyepandishwa kutoka ndani anaachwa akiripoti kwa mtu ambaye hayupo tena, na hagundui mpaka siku anapoomba likizo yake.

Kuna mambo mengine mawili yanayotoa dalili zinazofanana na hizi. Moja ni tarehe. Mifumo mingi ya rasilimali watu huweka kila badiliko pamoja na siku linapoanza kutumika. Ukilifungua faili unaliona jina jipya, unaridhika, kumbe limeandikiwa kuanza tarehe mosi ijayo. La pili ni akaunti mbili za mtu mmoja. Alipoajiriwa alifunguliwa akaunti moja, baadaye akafunguliwa nyingine yenye barua pepe mpya. Wafanyakazi wameelekezwa kwenye ya kwanza, yeye anaingia kwa ya pili. Kwa jina utaona hakuna kasoro. Angalia namba ya utambulisho ya akaunti, usiangalie jina.

Kabla hujaanza kusahihisha rekodi saba kwa mkono, jua kwanza mfumo wenu unafunga umeneja kwa mtu au kwa nafasi. Workday, programu mojawapo ya rasilimali watu, kwa mfano, hufunga majukumu ya namna hii kwenye nafasi. Aliyeikalia ndiye anayeyapata. Katika mfumo wa aina hiyo kubadilisha jina la cheo hakutoshi, lazima mtu ahamishwe hasa na kukalishwa kwenye nafasi ile, na akishakaa watu wote 11 hujitokeza kwa mkupuo. Katika mifumo inayofunga kwa mtu, kila mfanyakazi anaelekezwa kwa jina, kwa hiyo mtu akiondoka kila kamba inabidi ifunguliwe na kufungwa upya. Kutambua yenu ni ya aina gani ni rahisi: tazama sehemu ya "anaripoti kwa". Ikionyesha jina la mtu peke yake, mfumo unafunga kwa mtu. Ikionyesha namba au jina la nafasi, unafunga kwa nafasi.

Halafu uliza data hiyo inatoka wapi. Hapa ndipo nimeona watu wenye akili zao wakizunguka wiki nzima. Ikiwa mfumo wenu unapokea taarifa za wafanyakazi kutoka mfumo wa mishahara au saraka kuu ya watumiaji, masahihisho utakayofanya huku chini yatadumu mpaka usawazishaji unaofuata, yaani pale mifumo miwili inapolinganisha taarifa zake, kisha yatafutwa. Unarekebisha mchana, meneja anashukuru, asubuhi anakupigia kwamba watu wamepotea tena. Kiwango cha SCIM, ambacho programu nyingi hukitumia kupelekeana taarifa za watumiaji, kina sehemu maalumu ya meneja katika toleo lake la 2.0 la mwaka 2015, na sehemu hiyo hubeba namba ya utambulisho ya meneja. Mfumo unaopokea usipoitambua namba hiyo, huweza kuiacha sehemu wazi bila kupiga kelele yoyote. Sahihisha kwenye chanzo, kisha subiri mzunguko wa usawazishaji uishe. Kwa Microsoft Entra ID, saraka ya watumiaji ya Microsoft, mzunguko huo kwa kawaida ni kama dakika 40. Kwingine hufanyika usiku mara moja.

Tuje kwenye maombi yaliyokwama. Hili ni tatizo lingine kabisa, na halitatoweka hata ukishasahihisha rekodi zote saba. Programu nyingi humtafuta mwidhinishaji mara moja tu, pale ombi linapotumwa, na kumwandika ndani ya ombi lenyewe. Meneja akibadilika baadaye, maombi mapya yatamfuata mpya, ya zamani yatabaki yakimngoja wa zamani, ambaye huenda akaunti yake imeshazimwa. Tafuta kwenye menyu ya usimamizi kitu kama "hamisha mwidhinishaji" au "kabidhi upya", uyahamishe yote kwa pamoja. Kama programu yenu haina, wenye maombi watalazimika kuyaondoa na kuyatuma tena. Waambie mapema, na waambie kwa nini, maana mtu akiona ombi lake la likizo limefutwa bila maelezo atafikiri limekataliwa. Na akaunti ya mkuu aliyeondoka isifutwe kabla kazi hii haijaisha. Izimwe asiweze kuingia, lakini ibaki, kwa sababu ikifutwa baadhi ya mifumo hupoteza kabisa njia ya kuyapata maombi yaliyokuwa yakimngoja.

Kitufe kisichoonekana kinahitaji subira zaidi. Hapa wigo upo, kwa kuwa mfanyakazi anaonekana, na jukumu lipo, kwa kuwa kwa wale watatu kitufe kinajitokeza. Kilichobaki ni kitu kinachohusu ombi lile au mtu yule. Swali la kwanza: je, kitufe kinakosekana kwa maombi yake yote au kwa hili moja tu? Kama ni hili moja, angalia liko hatua gani. Linaweza kuwa bado ni rasimu, au limeshapita kwa meneja na sasa ni zamu ya watu wa rasilimali watu, au ni moja ya yale ya zamani yaliyoandikiwa jina la mkuu aliyeondoka. Kama ni maombi yake yote, angalia mtu mwenyewe: pengine ana mkataba wa aina nyingine, au amesajiliwa chini ya kampuni dada yenye utaratibu wake wa idhini, au aina ya likizo anayoomba huidhinishwa na mtu mwingine. Mifumo mingine pia huzuia kwa makusudi: aliyejaza ombi kwa niaba ya mwenzake haruhusiwi kuliidhinisha. Kama meneja wako ndiye aliyemjazia huyo mmoja fomu ili kumsaidia, basi mfumo umefanya kazi yake sawasawa.

Ukiona kila kitu kiko sawa na bado kitufe hakipo, shuku kanuni ya kukataza. Hapa programu hazifanani, na usichukue kanuni ya moja ukaitumia kwa nyingine. Katika AWS, huduma za kompyuta za Amazon, katazo lililoandikwa wazi hushinda ruhusa zote, hata ziwe mia. Katika mafaili ya Windows ni tofauti kidogo: ruhusa iliyowekwa moja kwa moja kwenye faili huweza kushinda katazo ambalo faili limelirithi kutoka folda ya juu. Katika Odoo, programu ya kuendesha biashara, kanuni zilizofungwa kwenye makundi hujumlishwa, ila zile za jumla lazima zote zitimizwe, kwa hiyo kanuni moja ya jumla inaweza kumnyima mtu alichopewa na makundi matano. Na katika Salesforce, programu ya kuhudumia wateja, kile kinachoitwa jukumu huamua rekodi zipi mtu anaziona, huku anachoweza kuzifanyia kikiamuliwa na wasifu wake pamoja na seti za ruhusa alizoongezewa. Mtu anayetoka mfumo mwingine akaingia huo, siku za kwanza atageuza geuza majukumu bila kuona badiliko lolote kwenye vitufe. Kwa wenye SAP, programu ya kuendesha kampuni kubwa, kazi ni nyepesi kidogo: mtumiaji akishakataliwa, aandike amri ya SU53 hapo hapo, nayo itamwonyesha ni ruhusa gani hasa iliyokosekana. Natamani kila programu ingekuwa na kitu kama hicho.

Kuna na suala la muda, ambalo huwafanya watu wafute marekebisho yaliyokuwa sahihi. Ruhusa nyingi husomwa mtu anapoingia, si kila anapobonyeza. Windows huorodhesha makundi ya mtumiaji pale anapoingia kwenye kompyuta. Ukimwongeza kundi akiwa ndani, hatalipata mpaka atoke na kuingia upya. Tokeni za Microsoft Entra ID, yaani vibali vya muda anavyopewa mtu akiingia, kwa kawaida huishi kati ya dakika 60 na 90, kwa hiyo badiliko la saa nne linaweza kuonekana saa tano na nusu. Google huonya kwamba baadhi ya mabadiliko kwenye Workspace, huduma yake ya barua pepe na nyaraka za ofisi, huweza kuchukua hadi saa 24. Kwa hiyo: badilisha kitu kimoja, mwambie mtumiaji atoke kabisa, aingie tena kwa dirisha la faragha la kivinjari, ndipo uhukumu. Ukibadilisha vitu vitatu ndani ya dakika kumi, likikubali hutajua ni kipi kilichosaidia, na likikataa hutajua kipi umekiharibu.

Unapojaribu, usitumie akaunti yako. Wewe ni msimamizi wa mfumo, na kwako vichujio vingi havifanyi kazi, kwa hiyo "mbona kwangu inafunguka" si ushahidi wa lolote. Kama programu yenu ina uwezo wa kuangalia kama mtumiaji fulani, utumie, lakini mwambie mhusika kwanza, maana utaona vya kwake na mfumo utaandika kwamba umeingia kwa sura yake. Kama haina, tengeneza akaunti ya majaribio yenye jukumu la Meneja na mfanyakazi mmoja wa kubuni chini yake. Akaunti hiyo ikiona mtu wake na kuidhinisha ombi lake, jukumu ni zima na hakuna haja ya kulirudia.

Jambo dogo la kiufundi linalookoa muda mwingi: ukurasa ukikataa, angalia namba ya kosa. 401 ina maana mfumo haumtambui aliyeomba, kwa hiyo shida iko kwenye kuingia. 403 ina maana unamtambua vizuri na umemkatalia, hapo sasa ndipo kwenye ruhusa. 404 ni ya kuangalia kwa makini, kwa sababu baadhi ya programu husema "hakipo" kwa kitu kilichopo, ili asiyehusika asijue hata kwamba kipo. Na orodha kuwa fupi, kama kwenu, haitoi kosa lolote. Mfumo unachuja kimya kimya na kuonyesha kilichobaki. Kabla ya kulaumu ruhusa, hakikisha basi kwamba ukurasa huo wenyewe haujawekewa kichujio, mfano "waliopo kazini leo" au "ofisi yangu tu". Hutaamini ni mara ngapi hilo tu ndilo linalokuwa tatizo.

Sasa bosi wako. Namwelewa, kazi imesimama na anataka iende. Lakini haki za msimamizi mkuu hazitamrekebishia hata rekodi moja kati ya zile saba; zitamfanya meneja asiihitaji. Atawaona watu 11, kweli, na atawaona pia wa vitengo vingine vyote, mishahara yao, na sababu za likizo zao za ugonjwa. Katika mifumo mingi ataweza hata kuidhinisha ombi lake mwenyewe. Wafanyakazi wapya watakaoingia kitengoni mwake wataendelea kuelekezwa pasipo mtu, na hakuna atakayegundua kwa sababu yeye anaona kila kitu. Jerome Saltzer na Michael Schroeder, katika makala yao ya mwaka 1975, waliorodhesha kanuni nane za kulinda taarifa kwenye kompyuta. Mbili zinakuhusu moja kwa moja: mtu apewe haki zile tu ambazo kazi yake inazihitaji, na pale ambapo hakuna ruhusa iliyotolewa jibu liwe hapana. Hiyo ya pili ndiyo inayokusumbua leo. Mfumo haujui kwamba wale saba ni wa meneja huyu, na usichokijua unakikataa.

Mpelekee bosi njia ya mkato iliyo salama badala ya kumpelekea "haiwezekani". Kama programu ina utaratibu wa kukaimisha, mfanye meneja mpya akaimu idhini za mkuu aliyeondoka, kwa tarehe ya kuanza na ya kuisha. Wiki mbili zinatosha kwa kazi hii. Kama haina, maombi yapande kwa aliye juu ya meneja, ambaye kwa kawaida tayari ana wigo wa kitengo kizima. Tarehe ya mwisho iwekwe ndani ya mfumo wenyewe, isibaki kichwani mwako wala kwenye daftari. Ruhusa ya muda isiyo na tarehe hugeuka ya kudumu, na mwaka ujao mkaguzi akiuliza nani aliitoa, kumbukumbu zitaonyesha jina lako, si la bosi.

Wakati huo huo tazama majukumu ya zamani ya meneja huyu. Aliyepandishwa kutoka ndani huja na alivyokuwa navyo. Kama alikuwa akiingiza madai ya malipo na sasa anayaidhinisha, ana mikono yote miwili ya muamala mmoja, na hiyo ni hatari hata kwa mtu mwaminifu kupindukia. Mwondolee la zamani siku hiyo hiyo unayothibitisha kwamba jipya linafanya kazi.

Ukiyapitia haya yote na kitufe cha yule mmoja bado hakijatokea, waandikie waliowauzia programu. Wape namba ya akaunti ya meneja, namba ya rekodi ya mfanyakazi, namba ya ombi, saa kamili ulipojaribu pamoja na ukanda wa saa, namba ya kosa kama ipo, na namba ya ombi jingine la aina hiyo hiyo ambalo kitufe chake kinaonekana kwa meneja huyo huyo. Hilo la mwisho ndilo litakalowafanya wakujibu kwa maana badala ya kukuambia ufute kache, yaani nakala za kurasa ambazo kivinjari kimezihifadhi. Picha ya skrini usiwatumie kama ina majina ya watu na sababu zao za likizo. Namba za rekodi zinawatosha.